Je, ni haki faida ya vikapu vyetu ihesabiwe kuwa msaada kwetu?

Katibu wa Kikundi, Iringa Vijijini

Ndugu zangu, mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama ishirini na mmoja tunaosuka vikapu vya milulu katika kijiji kimoja cha Iringa Vijijini. Kazi hii tumeirithi kwa bibi zetu, na kwa miaka mingi tumekuwa tukiuza mjini Iringa na kwa wasafiri wanaopita barabara kuu iendayo Mbeya. Mwaka jana tulitembelewa na wageni kutoka shirika moja la hisani la Uingereza. Walivipenda vikapu vyetu, wakasema watanunua mia mbili kila baada ya miezi minne, watavipeleka kwao na kuviuza makanisani na katika masoko ya Krismasi, na faida yote itarudi kijijini kujenga vyumba viwili vya madarasa.

Kikao kilipiga makofi, nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga. Jambo lililotuchanganya lilikuja baadaye, tulipofika kwenye bei. Kikapu cha kati ambacho mjini tunakiuza shilingi 12,000, wao wanataka kukinunua kwa 9,000, kwa hoja kwamba kile kinachopungua tutakipata kwa njia ya madarasa. Ndipo mwenzetu mmoja, mjane mwenye watoto wanne, aliposimama na kuuliza kwa nini yeye alichangie darasa la kijiji kizima kwa vidole vyake, ilhali jirani yake asiyesuka hachangii hata senti, na siku ya ufunguzi kibao cha ukutani kitaandikwa jina la wafadhili. Nilikuwa nimeshika kalamu ya kuandika muhtasari, na sikujua niandike jibu gani.

Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Je, hivi ndivyo mashirika ya namna hii yanavyofanya kazi? Na je, tuweke masharti gani katika mkataba bila kumpoteza mnunuzi, maana oda ya vikapu mia sita kwa mwaka hatujawahi kuipata tangu kikundi kianze?

Mstaafu wa Ushirika, Mombasa

Dada Katibu, mpe pole na hongera huyo mama, kwa sababu ameuliza swali lenyewe hasa. Nimeshughulika na kazi za mikono kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na ugomvi mwingi niliousuluhisha ulitokana na fedha za namna mbili kutiwa katika mfuko mmoja: malipo ya kazi na fedha za hisani. Malipo ya kazi ni haki ya aliyesuka, na akishalipwa, ni juu yake kununua unga au kulipa ada. Fedha za hisani ni zile anazozitoa mnunuzi katika faida yake mwenyewe baada ya kumlipa msusi bei kamili. Anayepunguza bei yako ili akujengee darasa hajatoa kitu, amekuchangisha wewe.

Kuna utaratibu unaojulikana ambao mnaweza kuuonyesha kwa wageni wenu. Katika kahawa inayouzwa chini ya nembo ya Fairtrade, yaani biashara ya haki, mkulima hulipwa bei yake, kisha juu ya bei hiyo huongezwa fedha nyingine ambazo wakulima wenyewe, kupitia chama chao, huamua zitumike kwa jambo gani. Angalieni mambo mawili hapo: nyongeza inakaa juu ya bei, hailiwi kutoka ndani yake, na wanaoamua ni wazalishaji, si mnunuzi. Kwa kawaida nembo ile haitolewi kwa vikapu, lakini lipo Shirika la Biashara ya Haki Duniani, WFTO, ambalo limewaunganisha watu wa kazi za mikono tangu mwaka 1989 na lina kanuni kumi kwa wanachama wake. Moja ya kanuni hizo inasema kwamba mnunuzi wa kazi za mikono, akiombwa, atoe malipo ya awali yasiyopungua asilimia 50 ya oda, bila riba. Mkipata hilo tu, hamtalazimika kukopa fedha za kununulia milulu na rangi, wala kusubiri mzigo uvuke bahari ndipo mtu apate chumvi.

Usidhani pia kwamba hisani na kazi haviwezi kukaa pamoja kwa heshima. Hapa kwetu kuna Bombolulu, karakana zilizoanzishwa mwaka 1969 chini ya chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, ambako vito, vinyago na mikoba vimeuzwa kwa watalii na nje ya nchi miaka yote hii. Kwenu Iringa mjini mnayo Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha ikiwa na vijana watatu viziwi, na leo watu husafiri kuja kuona karatasi wanayoitengeneza kwa kinyesi cha tembo. Katika mahali kama hapo, kazi yenyewe ndiyo msaada: mtu aliyekuwa anaombewa sadaka anakuwa fundi mwenye mshahara. Nendeni mkazungumze nao kabla ya kusaini chochote, kwa sababu wako jirani nanyi na wamekwisha kupita njia hiyo.

Mwalimu Mstaafu, Njombe

Nawaheshimu waliotangulia, lakini naomba tusiyadharau madarasa. Nimefundisha miaka thelathini na minne, mingine nikiwa na watoto tisini katika chumba kimoja, na mvua ikinyesha tulisimamisha masomo kwa sababu ya kelele za bati na maji yaliyoingia. Kwa mzazi wa kijijini, vyumba viwili vipya ni kitu kikubwa kuliko inavyoonekana kwa mtu aliye mbali.

Ninachokubaliana nacho ni kwamba mzigo haukugawanywa sawasawa. Ukipiga hesabu, shilingi 3,000 kwa vikapu mia sita ni shilingi 1,800,000 kwa mwaka, na hizo zinatoka kwa wanawake ishirini na mmoja peke yao. Suala hili lipelekwe kwa mtendaji na mkutano mkuu wa kijiji. Kaya zote zitoe nguvukazi, mchanga na matofali kama tulivyozoea katika ujenzi wa shule, shirika lilete saruji na bati kutoka katika faida yake, na wasusi walipwe 12,000 zao kamili. Tena watoe nguvukazi kama wanakijiji wengine, wala wasitozwe mara mbili kwa kosa la kuwa na ufundi.

Muuzaji wa Leicester

Mimi niko upande wa pili wa bahari, nauza vikapu na vitenge mwishoni mwa juma, na nimewahi kujitolea katika meza za mashirika kama hilo. Naomba niwaeleze jinsi fedha zinavyotembea huku, ili mkizungumza na wageni wenu mzungumze kwa hesabu.

Kikapu cha ukubwa mnaousema kinaweza kuuzwa huku pauni 30 au zaidi, na mtu akiigeuza kuwa shilingi anashtuka. Hata hivyo, katika fedha hizo hutoka nauli ya mzigo, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 wakati wa kuuingiza nchini, ada ya meza sokoni, na vikapu vinavyorudi ghalani vikiwa na ukungu kwa sababu vilifungwa kabla ya kukauka vizuri. Baada ya Krismasi mauzo hulala, na bidhaa iliyobaki hukaa hadi Novemba. Kwa hiyo faida ipo, lakini si kubwa kama watu wanavyodhani, na shirika linaloahidi madarasa mawili kwa vikapu mia sita lazima liwe na wafadhili wengine. Waulizeni hilo waziwazi, kwa sababu kama madarasa yatajengwa kwa michango mingine, hakuna sababu yoyote ya kugusa bei yenu.

Hesabu zao pia mnaweza kuziona wenyewe. Mashirika ya hisani ya England na Wales huandikishwa na Charity Commission, na yale yenye mapato yanayozidi pauni 25,000 kwa mwaka, taarifa zao za fedha huwekwa kwenye tovuti ya tume hiyo, ambako mtu yeyote anaweza kuzisoma bila malipo. Kijana yeyote mwenye simu na Kiingereza cha sekondari atawasomea ni kiasi gani kiliingia na ni kiasi gani kilikwenda kwenye miradi.

La mwisho, msiache kuuza mjini. Traidcraft, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1979 na iliyojulikana sana makanisani huku kwa biashara ya haki, ilifilisika Januari 2023, nayo ilikuwa na nia njema na wateja waaminifu. Msusi aliyekuwa na mnunuzi mmoja tu, mnunuzi huyo akianguka, anaanguka naye.

Katibu wa Kikundi, Iringa Vijijini

Shikamoo Mzee wa Mombasa, shikamoo Mwalimu, na asante sana ndugu wa Leicester. Jana jioni niliwasomea wenzangu majibu haya yote, na yule mama aliomba nirudie mara mbili pale palipoandikwa kwamba nyongeza inakaa juu ya bei.

Tumekubaliana kuwaandikia wageni barua yenye mambo manne: bei iwe 12,000 kwa kikapu cha kati, nusu ya fedha za oda itangulie, kila baada ya mzigo watuletee maandishi ya walichouza na kilichobaki, na fedha za mradi ziingie katika akaunti ambayo wasusi watatu ni miongoni mwa watia saini. Habari ya nguvukazi nimeshamweleza mwenyekiti wa kijiji, naye ameahidi kuiweka katika ajenda ya mkutano mkuu. Kuhusu ukungu, nakiri kwamba mzigo wetu wa kwanza wa majaribio tuliufunga wakati wa masika, vikapu vikiwa bado vibichi kwa ndani. Kama kuna anayejua vianikwe siku ngapi kabla ya kutiwa kwenye maboksi ya safari ya meli, naomba anieleze, kwa sababu milulu ya msimu huu tumeshaanza kuivuna.