Kuchagua goldenrod ya asili kwa uwanja mdogo: tusinunue kwa jina la jumla

Swali, kutoka Columbus, Ohio

Ndugu zangu, salaam. Mwaka huu tumehamia nyumba yenye uwanja mdogo, na jirani yangu, mama mmoja mzee wa hapa hapa, amenishauri nipande goldenrod, ile mimea ya maua ya manjano inayojaa kando ya barabara kuanzia mwishoni mwa Agosti, kwa ajili ya nyuki na vipepeo. Udongo wetu ni wa mfinyanzi mzito, jua la kutosha lipo mbele tu, na nyuma kuna mwaloni mkubwa unaotia kivuli karibu siku nzima. Isitoshe, mwanangu ana pumu, na watu wananiambia kwamba maua haya ndiyo yanayoleta chafya za msimu. Je, nipande, na kama ni kupanda, nichague aina ipi?

Jibu

Dada yangu, pole na shughuli za kuhama. Nianze na mtoto, maana hilo ndilo zito. Chavua ya goldenrod ni nzito, inanata, na hubebwa na wadudu, kwa hiyo ni kidogo sana inayopeperuka hewani. Chafya nyingi za Agosti na Septemba zinatokana na ragweed, mmea ambao huchanua wakati ule ule, vimaua vyake ni vya kijani na havitazamiki, nao humwaga chavua yake yote kwenye upepo. Watu wanapiga chafya, wanatazama huku na huku, wanaona manjano, basi lawama inaishia hapo. Hata hivyo mimea hiyo miwili ni ya ukoo mmoja, pamoja na alizeti, kwa hiyo mwulize daktari wake kabla ya kumruhusu mtoto kuchuma maua na kuyashika shika.

Sasa kuhusu aina. Jina goldenrod linakusanya spishi nyingi za jenasi Solidago, na tabia zao hazifanani hata kidogo. Mimi nililijifunza hilo kwa jasho. Jirani alikuwa akifyeka, akanipa miche mitatu, nikaipanda pembeni mwa tuta la sukuma wiki bila kuuliza ni spishi gani. Ilikuwa Solidago canadensis, mojawapo ya zile ndefu za barabarani. Mwaka wa tatu, nilipofukua tuta mwezi wa Aprili, nilikuta mashina ya chini ya ardhi, membamba kama penseli, yamepita chini ya mbao na kuenea kila upande, na kila ncha ina chipukizi la rangi ya waridi lililokwisha kugeukia juu kutafuta mwanga. Kuyaondoa kulinichukua misimu miwili, kwa sababu kipande kinachosahaulika udongoni huchipua upya. Mmea huo ni mwema mahali pake, katika uwanda mpana, lakini uwanja kama wako utaujaza wote.

Kwa hiyo ukienda kitaluni, taja jina la kisayansi, na uulize pia kama miche imepuliziwa dawa ya kuua wadudu, maana hakuna faida ya kuwaita nyuki kwenye sumu.

Mbele, penye jua na mfinyanzi, ningekushauri Solidago rigida. Huota kwa kishada kimoja bila kutambaa, hufikia futi 3 hadi 5, na maua yake hukaa bapa juu ya shina kama sinia. Huvumilia mfinyanzi vizuri. Kero yake ni kumwaga mbegu, ambayo unaizuia kwa kukata baadhi ya vichwa kabla havijakauka. Solidago speciosa, yenye shina jekundu na maua yaliyosimama kama mwenge, kwa macho yangu ndiyo nzuri kuliko zote, ila hupenda udongo unaopitisha maji, na sungura huitafuna ikiwa changa. Penye udongo mkavu na dhaifu kando ya njia, Solidago nemoralis haizidi futi 2.

Chini ya mwaloni panda Solidago caesia, ambayo maua yake hujipanga pale kila jani linapoungana na shina, nalo shina likiinama kama upinde, au Solidago flexicaulis, yenye majani mapana, inayotambaa kwa kiasi. Hizi mbili huchanua kivulini, jambo ambalo maua machache ya vuli huliweza.

Usitie samadi wala mbolea. Udongo ulionona huzifanya zirefuke na kulala. Zile ndefu unaweza kuzikata nusu mwanzoni mwa Juni ili zichanue zikiwa fupi na imara. Mwishoni mwa Septemba, amka mapema siku ya baridi ukazitazame: utawakuta bambi, wale nyuki wanene wenye manyoya, wamelala juu ya maua, wametapakaa umande, hawasogei hadi jua liwafikie. Vipepeo wa monaki nao hupita wakati huo wakielekea Mexico, na mbochi wa maua haya ni akiba yao ya safari.

Nyongeza, kutoka Ujerumani

Kaka, asante kwa maelezo. Naomba tulio Ulaya tusiyafuate yote, kwa kuwa huku Solidago canadensis na Solidago gigantea ni mimea vamizi inayosonga mimea ya hapa. Ya asili ya Ulaya ni Solidago virgaurea, fupi na pole, nayo ndiyo ya kutafuta.

Swali la mwisho, kutoka Columbus

Nashukuru sana, kaka. Je, kwa mbegu inawezekana, maana miche ni ghali?

Jibu

Inawezekana, dada. Mbegu zake zinahitaji kukaa kwenye baridi na unyevu kwa takriban miezi miwili ndipo ziote vizuri, kwa hiyo zimwage Novemba juu ya udongo uliosafishwa, uzibonyeze kwa kiganja bila kuzifukia, na uiachie theluji kazi iliyobaki. Tia alama kwa kijiti, kwani chipukizi za Aprili ni rahisi kuzing'oa ukidhani ni magugu.