Je, viazi vya kuoka vinamfaa anayepunguza uzito?

Baridi_ya_Njombe ameuliza:

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa. Mimi ni mtumishi wa ofisini, umri wangu umevuka miaka arobaini, na tangu daktari aliponishauri nipunguze uzito kwa sababu ya shinikizo la damu nimepokea nasaha nyingi ambazo zote zinakubaliana katika jambo moja, yaani niache viazi kabisa. Kwa mtu anayeishi huku Njombe, ambako viazi mviringo hulimwa kila upande na huliwa asubuhi, mchana na jioni, agizo hilo ni zito kuliko lile la kuacha sukari. Chipsi nimekwisha kuziacha na sizitetei. Ninachouliza ni kuhusu viazi vya kuoka, kwa kuwa nyumbani tuna jiko lenye oveni, na mke wangu huvioka na maganda yake bila mafuta, kisha tunavila kwa chumvi kidogo pamoja na mboga za majani au maharage. Je, mlo kama huo wa jioni unaweza kwenda pamoja na nia ya kupungua, au wanga ni wanga tu hata ukiokwa? Na kama unafaa, nile kiasi gani, maganda niyale au niyaache, na je, ni kweli kwamba viazi vitamu vina nafuu kubwa kuliko viazi mviringo, kama wengi wanavyodai?

Lishe_Kwanza amejibu:

Ndugu yangu, kazi yangu ni ushauri wa lishe, na swali hili huletwa kwangu mara kwa mara na watu waliokwisha kukihukumu kiazi kabla ya kukisikiliza. Gramu 100 za kiazi mviringo kilichookwa na ganda lake zina kalori zipatazo 93, wanga gramu 21, protini gramu 2.5 hivi na nyuzinyuzi gramu 2 na ushee, ilhali mafuta yake ni kidogo mno. Uzito huohuo wa wali mweupe uliopikwa bila mafuta una kalori zipatazo 130, na wa chipsi hukaribia 300 au kuzipita. Tofauti hiyo ya mara tatu kati ya kiazi cha kuoka na chipsi haikutoka shambani. Imetokana na maji yaliyotoka wakati wa kukaanga na mafuta yaliyoingia mahali pake, kwa kuwa gramu moja ya mafuta ina kalori 9 na gramu moja ya wanga ina 4.

Pili ni suala la shibe, ambalo kwa anayepunguza uzito lina thamani kuliko hesabu yoyote, maana mtu hashindwi na kalori, anashindwa na njaa ya saa nne usiku. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walichapisha utafiti ambamo watu walilishwa vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo chenye kalori zipatazo 240, kisha wakawa wanaulizwa kila baada ya dakika 15, kwa muda wa saa mbili, wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ulipewa alama 100 uwe kigezo cha kulinganishia. Viazi vya kuchemsha vilipata alama 323, zaidi ya chakula kingine chochote kilichojaribiwa, na kruasani, kile kitafunwa cha Kifaransa chenye siagi nyingi, ikashika mkia kwa alama 47. Utafiti huo ulikuwa wa watu wachache, na viazi vyenyewe vilikuwa vya kuchemsha, kwa hiyo usiuchukue kuwa sheria. Hata hivyo sababu yake inaeleweka: kiazi kina maji mengi, hujaza tumbo kwa kalori chache, na bila mafuta si chakula ambacho mtu hukila kupita kiasi kwa utamu tu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwetu ndilo lenye mzizi wa fitina, nalo ni nafasi ya kiazi katika sahani. Ukiingia katika mgahawa wowote saa ya mchana utaona sahani yenye mlima wa wali, na pembeni yake bakuli la mchuzi wa nyama wenye vipande vitatu vinne vya viazi vilivyokwisha kunywa mafuta yaliyoelea juu, na huenda chapati moja ikawekwa juu ya bakuli hilo ili isipoe. Mlaji anaamini amekula wali kwa mboga, kumbe amekula wanga kwa wanga kwa wanga. Shirika la Afya Duniani linapopendekeza gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, viazi mviringo, viazi vitamu na mihogo havihesabiwi humo, na lina haki. Kwa hiyo kiazi chako cha kuoka kikae mahali pa ugali. Kikikaa pembeni ya ugali, hesabu yote niliyoitaja haina maana tena.

Kuhusu kiasi, kwa mlo wa jioni mtu mzima asiyefanya kazi ya nguvu anaweza kuanza na viazi viwili vya wastani vyenye jumla ya gramu 300 vikiwa vibichi, ambavyo vina kalori zipatazo 230. Vipime kabla ya kuvioka, kwa sababu katika oveni kiazi hupoteza maji na uzito wake hushuka ilhali kalori zimebaki zilezile. Anayepima baada ya kuoka kwa kutumia hesabu ya kiazi kibichi hujipunja katika daftari na kujizidishia tumboni. Nusu nyingine ya sahani iwe mchicha, kabichi au figili, na maharage yawepo, kwa kuwa protini ya kiazi pekee haitoshi na anayepungua bila protini hupoteza misuli pamoja na mafuta.

Maganda yale, mradi yamesuguliwa vizuri, kwani sehemu ya nyuzinyuzi imo humo. Ila kiazi kilichogeuka kijani au kilichochipua sana kisitumike kwa kuoka na ganda lake, kwa sababu huwa na solanini nyingi, sumu ambayo joto la jikoni haliiondoi. Viazi vitamu navyo, vikiokwa, vina kalori zipatazo 90 kwa gramu 100, kwa hiyo kwa upande wa uzito hakuna cha kuchagua. Faida yake kubwa ni vitamini A, nayo hupatikana kwa wingi katika vile vyenye rangi ya chungwa ndani.

Umetaja shinikizo la damu. Gramu 100 za kiazi cha kuoka zina zaidi ya miligramu 500 za potasiamu, madini ambayo kwa wengi husaidia kupunguza shinikizo hilo, lakini kwa mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo zinazozuia potasiamu kutoka mwilini, yanaweza kurundikana kwa kiwango cha hatari. Mtajie daktari wako dawa unazotumia na umwambie wazi kwamba viazi ndicho chakula chako kikuu.

Mgeni_wa_Leicester amejibu:

Naunga mkono, ila naomba kuongeza tahadhari kutoka huku Uingereza, ambako kiazi cha kuoka na ganda lake ni chakula cha kila siku na huuzwa katika kantini za viwandani na za hospitali. Kiazi kinachotolewa huku ni kikubwa, hupasuliwa katikati kingali kinatoa mvuke, kisha muuzaji hukidondoshea siagi, hukifunika kwa jibini iliyokwanguliwa, na anayetaka huongezewa samaki jodari aliyechanganywa na mayonesi. Gramu 50 za jibini ya chedda zina kalori 200 hivi, kijiko kikubwa cha mayonesi kinakaribia 100, na siagi ya gramu 10 ina zaidi ya 70. Hapo kiazi kimekuwa ndicho kitu chepesi kuliko vyote mezani, lakini mtu akinenepa lawama hukiangukia chenyewe. Mimi huomba maharage ya mchuzi wa nyanya na saladi, nikiwa nyumbani huweka mtindi usio na sukari wenye kitunguu na pilipili manga, na sioni kilichopungua katika utamu.

Siri nyingine ni uokaji. Kiazi kichomwechomwe kwa uma, kiwekwe juu ya waya wa oveni yenye joto la nyuzi 200 bila kufungwa kwenye karatasi ya alumini, na kiachwe saa nzima au zaidi kidogo kutegemea ukubwa. Karatasi hukifanya kiive kwa mvuke wake chenyewe, ganda likawa laini na la kunata, na ndipo mtu huanza kutafuta siagi ili kipitike kooni.

Bi_Lushoto amejibu:

Kwa wasomaji wasio na oveni, sufuria nzito yenye mfuniko juu ya jiko la mkaa inatosha kabisa. Weka mchanga mkavu kidogo chini au kitako cha chuma, panga viazi vilivyokauka maji, funika, kisha palia makaa juu ya mfuniko kama unavyofanya kwa keki ya mkaa. Moto wa chini uwe mdogo kuliko wa juu. Sisi huku milimani tulikuwa tukivifukia kwenye majivu ya moto tangu utotoni, na hakuna aliyetafuta mafuta.

Msomaji_Mbishi amejibu:

Mimi nina shaka kidogo, na naomba shaka yangu ijibiwe kwa hoja. Mwaka 2011 jarida la tiba la Marekani, *New England Journal of Medicine*, lilichapisha uchambuzi wa Wamarekani zaidi ya 120,000 waliofuatiliwa kwa miaka mingi, na viazi vikawa miongoni mwa vyakula vilivyohusishwa zaidi na kuongezeka uzito. Isitoshe, kiazi cha kuoka hupandisha sukari ya damu kwa kasi kuliko vyakula vingi vya wanga. Na tafadhali asije mtu akanitajia Chris Voigt, yule Mmarekani aliyekula viazi 20 kwa siku kwa muda wa siku 60 mwaka 2010 na kupungua kilo zaidi ya tisa, kwa sababu alikuwa kiongozi wa tume ya viazi ya jimbo la Washington, na alifanya hivyo kupinga viazi kuachwa nje ya mpango wa serikali wa chakula cha kina mama na watoto.

Lishe_Kwanza amejibu:

Shaka yako ni ya haki, ndugu Mbishi, na kuhusu Voigt tuko pamoja: mtu akila kitu kimoja tu atachoka nacho na kula kidogo, kiwe kiazi au kiwe ndizi, na hilo si jambo la kuigwa. Lakini uchambuzi ulioutaja ulitenganisha namna za mapishi. Kwa kila kipimo kimoja cha ziada kwa siku, katika kipindi cha miaka minne, chipsi zilihusishwa na ongezeko la takriban kilo moja na nusu, ilhali viazi vya kuchemsha, kuoka na kupondwa, vikiwa vimejumlishwa pamoja, vilihusishwa na robo kilo tu. Tena viazi vya kupondwa vya Wamarekani huwa na siagi na maziwa ndani yake.

Kuhusu kasi ya sukari una haki kamili, na mwenye kisukari asifuate makadirio niliyompa ndugu yetu wa Njombe bila kuzungumza na anayemtibu na kupima sukari yake baada ya kula. Kwa asiye na kisukari, maharage, mboga za majani na kipande cha samaki katika mlo huohuo hupunguza kasi hiyo, na ndiyo sababu nyingine ya kutokila kiazi kikavu kwa chumvi peke yake.

Baridi_ya_Njombe ameandika tena:

Nawashukuru nyote kwa moyo mkunjufu. Swali la mwisho: vikibaki vya jioni, naweza kuvibeba kesho yake ofisini nikavila vya baridi na kachumbari?

Lishe_Kwanza amejibu:

Unaweza, na kuna faida ndogo ndani yake. Kiazi kilichoiva kikipoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya na kuwa mgumu kumeng'enywa, hivyo sukari hupanda polepole zaidi. Kukipasha moto baadaye hakuondoi mabadiliko hayo yote. Usitegemee kupungua kwa njia hiyo pekee, kwa kuwa tofauti ya kalori ni ndogo.

Ila visilale mezani, na hasa visilale vikiwa vimefungwa katika karatasi ya alumini. Mwaka 1994 huko El Paso, Texas, watu 30 waliugua botulizimu, ugonjwa wa kupooza unaoletwa na sumu ya vijidudu, baada ya kula vyakula vya mgahawa mmoja vilivyotengenezwa kwa viazi vya kuoka vilivyoachwa ndani ya karatasi hiyo katika joto la kawaida la chumba. Vijidudu vinavyotengeneza sumu hiyo hutoka udongoni, mbegu zake hustahimili joto la oveni, na hustawi mahali penye unyevu pasipo na hewa. Baridi ya Njombe isikudanganye, kwa maana jikoni mwenu jioni kuna joto la kutosha. Vifungue, viingie kwenye friji ndani ya saa mbili baada ya kutoka motoni, na kachumbari uibebe katika chombo chake ili uikorogee hukohuko ofisini.