Tangazo la mkutano wa mtaa: saizi gani ya herufi, ukutani na kwenye WhatsApp?

Ubao_Temeke
Wakuu, kuna tangazo la mkutano wa mtaa la kubandika nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, kisha lirushwe kwenye magrupu ya WhatsApp. Karatasi ni A3, maneno kama 120, wasomaji watasimama mita 3 hivi. Nitumie fonti gani na saizi gani? Halafu matangazo feki yenye mihuri yamezagaa, letu litaaminikaje?

Pointi72
Mkuu, fonti baadaye, anza na umbali. Mwenye macho mazima huitambua herufi ya milimita 9 akiwa mita 6, lakini kwa kukaza macho. Kwa mita 3 hiyo ni milimita 4.4. Zidisha mara tatu asome huku anatembea: 13.

Pointi moja ni milimita 0.35, na kimo cha herufi kubwa ni takriban asilimia 70 ya saizi unayochagua kwenye programu. Kwa hiyo milimita 13 ni kama pointi 52. Kwa saizi hiyo A3 iliyosimama inabeba mistari 17 hivi, kila mstari herufi 28. Maneno yako 120 hayaingii, na hapo ndipo wengi hukosea: wanapunguza saizi badala ya kupunguza maneno. Weka nini, lini, wapi kwa pointi 52 au zaidi, kichwa kwenye mistari miwili kwa pointi 120. Ajenda ibaki chini kwa pointi 24, atakayesogea ataisoma.

Muda andika "saa 4:00 asubuhi". Ukiandika "10:00", nusu ya mtaa watafika saa kumi jioni.

MsahihishajiKko
Naongezea. Usiandike yote kwa herufi kubwa. Zinakula nafasi, na Kiswahili kina maneno marefu: UTAKAOHUDHURIWA peke yake inamaliza zaidi ya nusu ya mstari. Usinyooshe kingo zote mbili za maandishi pia, maana kwa maneno marefu kwenye safu nyembamba programu inaacha mapengo kama meno yaliyong'oka. Panga kushoto tu. Ukiruhusu programu kukata maneno mwisho wa mstari wakati lugha ya faili ni Kiingereza, neno litakatwa popote. Sisi tunakata baada ya irabu: u-ta-ka-o-fa-nyi-ka.

Fonti yoyote ya kawaida inatosha, moja tu, kwa unene wa aina mbili: nzito kwa kichwa, nyepesi kwa mengine. Rangi: nyeusi juu ya nyeupe au njano. Nyekundu juu ya bluu inatoa tofauti ya mwanga ya 2 kwa 1 tu, wakati kiwango cha WCAG (mwongozo wa kimataifa wa kurasa za wavuti zinazosomeka na wote) kwa maandishi ya saizi kubwa ni angalau 3 kwa 1. Chapa kwa prinita ya leza. Wino wa inkjeti mara nyingi huchuruzika mvua ikipiga.

Pikseli_Sinza
Ya WhatsApp itengeneze upya, usipige picha karatasi. Upana wa kioo cha simu ni milimita 68 hivi na hata A4, ndogo kuliko karatasi yako, ni 210, yaani kioo ni theluthi moja yake: pointi 12 inageuka 4. Tumia pikseli 1080 kwa 1350, herufi zisipungue pikseli 55. Tena andika mambo makuu kama ujumbe wa kawaida chini ya picha, maana picha hubanwa ikitumwa na maneno madogo yanafifia.

Mhakiki_Ilala
Kuhusu feki: muhuri na nembo vinakatwa na kubandikwa kwa dakika mbili, visikutie moyo. Tazama tarehe. Ikiwa tarakimu zina umbo au ukali tofauti na maneno jirani, huenda zimebadilishwa. Tangazo lisilo na mwaka ndilo hurudi tena miaka miwili baadaye, kwa hiyo la kwenu liwe na siku, tarehe na mwaka kamili.

Fonti nayo husaliti. Pakistan mwaka 2017 hati zenye tarehe ya Februari 2006 zilitiliwa shaka kwa sababu zilikuwa kwa Calibri, fonti iliyowafikia watu wengi na Windows Vista na Office 2007, mwanzoni mwa 2007. Lakini fonti ngeni pekee si ushahidi, huenda mtu kachapa upya tu. Weka mstari mmoja: "Nakala halisi ipo ubaoni, ofisi ya mtaa", ili mwenye shaka aende kulinganisha.

Ubao_Temeke
Nimepunguza hadi maneno 38. Ajenda ibaki ubaoni tu, au iende WhatsApp pia?

Pikseli_Sinza
Iende, ila kama maandishi. Mwenye macho hafifu ataikuza herufi kwenye simu yake, na atakayetafuta neno "mkutano" wiki ijayo ataipata.