Naomba ushauri: namna bora ya kuhifadhi magitaa yaliyo ndani ya makasha
Ndugu zangu, nina magitaa tisa, kila moja ndani ya kasha lake gumu, na chumba kimoja tu cha kuyaweka. Kwa sasa nimeyapanga moja juu ya jingine, jambo linalonikosesha amani, kwani kasha la chini hubeba uzito wote. Nafikiria kutengeneza rafu yenye vigawanyo ili makasha yasimame kwa ubavu kama vitabu, mbali na dirisha lenye jua. Najua unyevu wa hewa unapaswa kubaki kati ya asilimia 45 na 55, hasa kwa magitaa ya akustika, ambayo mbao zake huweza kupasuka hewa ikikauka mno. Je, nipime unyevu wa chumba, au ndani ya kila kasha? Na nyuzi za gitaa lisilopigwa kwa miezi, nizilegeze?