Re: Kozi za bure mtandaoni, na cheti chake

Kutoka: Houston
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Wageni wanaofika huku Marekani wanauliza sana kuhusu kozi za Coursera na edX, zile tovuti za kusomea mtandaoni. Bure ni bure kweli? Na cheti kinafaa kuombea kazi?

Kutoka: Minneapolis
Dada, kusoma ndiko bure. Cheti kwa kawaida hulipiwa. Kwenye edX, anayesoma bure hupewa muda maalumu, na mitihani yenye alama mara nyingi hufungiwa. Kwenye Coursera, angalieni zile siku 7 za majaribio. Ukishaingiza kadi na siku zikapita, ada ya mwezi inakatwa. Jitoeni siku ya 5 na mtunze barua pepe ya uthibitisho. Asiyeweza kulipa aombe msaada wa ada kwenye ukurasa wa kozi yenyewe. Majibu huchukua kama wiki mbili, kwa hiyo aombe mapema. Jina la akaunti liwe kama la pasipoti, mpangilio uleule. Sisi wenye majina matatu hukwama hapo picha ya kitambulisho inapolinganishwa.

Kwa kompyuta, anzeni na CS50, kozi ya utangulizi ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard. Ukiifanya kupitia tovuti ya CS50 yenyewe, cheti chao ni bure, mradi upate angalau asilimia 70 katika kila zoezi na mradi wa mwisho. Wiki ya 0 ni Scratch, ya kutunga programu kwa kupanga vipande vya picha, nyepesi. Wiki ya 1 inaingia C, lugha ya kuandikia programu, na ugumu unapanda ghafla. Tengeni saa 10 au zaidi kwa wiki, na msome wawili au watatu pamoja. Utafiti wa kozi za vyuo vikuu vya MIT na Harvard kwenye edX ulionyesha kuwa mwaka 2017-18 waliomaliza walikuwa kama 3 tu katika kila 100 waliojiandikisha.

Kutoka: Columbus
Naongeza la CNA (msaidizi wa muuguzi mwenye cheti), maana hapa ndipo watu wetu wanapoteza fedha. Cheti cha kozi ya mtandaoni ya kutunza wazee hakikufanyi CNA. Sheria ya shirikisho inataka mafunzo ya saa 75 au zaidi, 16 kati ya hizo ziwe za vitendo chini ya msimamizi, katika programu iliyoidhinishwa na jimbo. Majimbo mengine yanataka saa nyingi zaidi. Fungueni kwanza orodha ya programu hizo kwenye tovuti ya jimbo lenu.

Na bure iliyo bure kabisa ipo huku: nyumba za wazee zinazopokea Medicare au Medicaid (bima za afya za serikali) haziruhusiwi kumtoza ada ya mafunzo, wala ya vitabu, mtu ambaye tayari wamemwajiri au wamemwahidi kazi. Aliyejilipia, akiajiriwa kwenye nyumba ya aina hiyo ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza, jimbo linatakiwa limrudishie gharama kidogo kidogo anavyoendelea na kazi. Risiti zote zitunzwe, hata ya kitabu.