Hita ya maji ya kujiundia Lamu: iruhusiwe au ikatazwe?

Fundi_Langoni: Nimeunda hita ya kupitishia maji. Elementi ya kilowati 3 ndani ya bomba la shaba, maji yaingia baridi, yatoka ya moto. Haina tangi, stima yaliwa ukioga tu. Kuna wazee mtaani wataka vitu hivi vikatazwe. Kwani sufuria juu ya makumbi haijaunguza watoto?

Bwana_Kusi: Lamu na joto lote hili, maji ya moto ya nini? Sisi tuliokulia kuoga kwa kata birikani tumekufa?

Mama_Mkomani: Hayo ni maneno ya mtu asiyekanda mzazi. Binti yangu alipojifungua alikandwa kwa maji ya moto siku arubaini, asubuhi na jioni. Aliyechochea kuni ni mimi, macho yakinitoka machozi. Na kusi ikivuma Julai, mamangu mwenye baridi yabisi aoge kwa kata?

Bwana_Kusi: Mama, niwie radhi, mzazi sikumtaja. Lakini hita hiyo haikandi mtu. Kilowati 3, maji lita 3 kwa dakika, hupanda nyuzi 14 hivi. Yakiingia na 27 yatoka 41. Hayo ni ya kuogea, ya kukandia lazima yachemke.

Mama_Mkomani: Sasa umekuwa mkunga?

Stima_Malindi: Mwabishana uzazi na kifo kiko bafuni. Bomba limefungwa athi, waya wa kupeleka stima ardhini? Ipo breka ya miliampea 30, ile inayokata stima ikivuja? Maji yakikatika swichi ikiwa imewashwa, mvuke waweza kupasua bomba. Kilowati 3 kwa volti 240 ni ampea 12.5, plagi ya 13 iko ukingoni. Hawa mafundi wa kujifunza kwenye simu watatuzikisha watu.

Fundi_Langoni: Simu? Nimefunga stima nyumba za mawe hujui kushika testa! Athi nimefunga. Breka hiyo haimo, lakini nimeoga miezi minne na niko hai.

Stima_Malindi: Kuwa hai si kipimo, kaka.

Kisimani: Elementi yangu ya dukani ilitoboka mwaka haujaisha. Maji yetu ya chumvi, na chumvi hupitisha stima kuliko maji matamu. Na chumvi yazidi kwa sababu gani? Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyotuhifadhia maji ya mvua, na watu wajenga juu yake!

Bwana_Kusi: Hapo umesema. Hilo ndilo la kukatazwa.

Stima_Malindi: Sisi Malindi twatumia maji ya Baricho, visima vya kando ya mto Sabaki, hatuna shida hiyo.

Kisimani: Baricho ikikatika si mwanunua kwa mitungi? Usitutambie. Shela ikiharibika sisi hatuna mto wa kukimbilia.

Bwana_Kusi: Na wanaojenga si wageni peke yao. Viwanja vimeuzwa na watoto wetu.

Kisimani: Watoto wa nani? Sema wazi.

Mama_Mkomani: Fundi, hiyo breka ni pesa ngapi? Mamangu huoga kabla ya alfajiri na kusi imeshaanza.