Mrejesho: amplifaya yangu iliyokuwa ikitoa volti 1.9 za DC kwenye spika
Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini amplifaya niliyoiunda mwenyewe inatoa volti 1.9 za DC (umeme wa mkondo mmoja usiobadilika, ambao haupaswi kufika kwenye spika) kwenye waya za spika hata bila muziki. Wengi mlishuku zile transista mbili za mwanzo hazilingani. Nilizibadilisha, hali ikabaki vilevile. Tatizo lilikuwa kapasita ya mikrofaradi 47 iliyo kati ya rezista ya fidibaki (njia inayorudisha sehemu ya mawimbi ya kutokea hadi mwanzo wa saketi) na graundi. Kazi yake ni kuzuia DC isipite, lakini ilikuwa inaivujisha, hivyo saketi ikawa inakuza DC karibu mara 23, kama inavyokuza muziki, badala ya mara 1. Nimeweka mpya, multimita inasoma milivolti 14. Aliyenionya nisiunge spika kabla ya kupima, asante sana, umeniokolea koili ya spika isiungue.